Maneno Asiyoyataja Mama

Portlennie
Jumatatu, 14 Januari 1957

Mdogo wangu Dod,

Salamu zetu zikufikie huko Edinburgh. Sisi hatujambo, ila shemeji yako Wullie ana kile kikohozi chake cha kila baridi, na dawa anayojipaka kifuani inanuka hadi paka amehama chumbani. Boti yake inatoka Jumatatu na kurudi Jumamosi kama kawaida, samaki ni wa kubahatisha. Upepo wa juzi uling'oa paa la banda la nyavu. Soksi za Mwaka Mpya sijui kama zilikutosha. Hukuandika, na mimi nimeacha kushangaa.

Sasa sikiliza. Mama amelazwa. Tarehe tatu alikuwa anakanda mikate ya shayiri, akaanguka palepale jikoni. Ni kiharusi, lakini chepesi. Mkono wa kushoto umelegea na mdomo umepinda kidogo, basi. Ulimi ni mzima; unavyomjua mama, haujalala hata siku moja.

Balaa ni daktari. Ni mtu wa kusini, mpole, kucha safi, na haelewi hata neno moja la lahaja yetu ya pwani linalotoka kwa mama. Anamwita "Bibi Findlay", mama haitiki. Aitike vipi? Portlennie nzima ni akina Findlay. Tungekuwa tunaitana hivyo, pangekuwa na wanawake thelathini mlangoni. Yeye ni Elspet Costie, jina la utani la nyumba yetu tangu kwa babu, na hilo hakuna aliyemwita. Basi daktari ameandika kwenye karatasi yake: mgonjwa hajui jina lake. Chini yake ameandika: anatoa sauti zisizo na maana. Nilimwomba nizione hizo sauti. Dod, ni maneno. Ni maneno tuliyonyonya. Nimeyanakili nyuma ya barua hii kama yeye alivyoyaandika, utacheka halafu utalia.

Nimeomba nimrudishe nyumbani. Wamekataa, eti mtu asiyejua jina lake atawasha moto aunguze nyumba. Tarehe 22 Machi litakaa jopo, madaktari wawili na hakimu. Wakiona akili imeondoka, atapelekwa Strathorran, kule bara, nyumba ya wagonjwa wa akili. Unaijua. Kutoka kijijini kwetu walioingia ni watatu, na wote walirudi ndani ya jeneza.

Wewe ndiye msomi wa familia. Kazi yako ni haya haya maneno, unalipwa kwayo. Njoo umwambie huyo mtu kwamba mama anazungumza. Mimi nikimwambia, ananitazama kama vile na mimi ningehitaji kitanda.

Miaka ishirini na miwili hujakanyaga hapa. Sikuulizi kwa nini. Njoo tu.

Dada yako,
Teenie


Edinburgh
29 Januari 1957

Dada yangu mpenzi Teenie,

Nimepata barua yako, nami naomba ikukute salama wewe na shemeji. Mwambie anywe maji ya moto yenye asali. Mimi sijambo. Mama mwenye nyumba wangu bado ananipikia supu ya kabichi siku sita kwa juma, na siku ya saba ananipasha moto ile ya sita. Ofisini kamusi yetu imekwama kwenye herufi H mwaka wa pili sasa. Soksi zilinitosha, nisamehe.

Habari ya mama imenivunja. Nimekesha na orodha yako, na nimemwandikia daktari kurasa tisa, zimo humu. Mpe mkononi. Kila neno nimeliwekea maana yake, namna zote linavyoandikwa na linavyotamkwa wapi. Nakuandikia machache ili ujue nimesema nini.

Alipoandika kwamba mama anasema "forfokn", neno ni forfochen, yaani mtu aliyechoka hadi hoi. Wengine huandika forfauchen, wengine forfochten. Wa kusini wanaiacha t isikike, sisi tumeimeza, lakini sote tunaitoa ile kh kooni kama mtu anayesafisha koo. Mgeni hawezi kuitoa, kwa hiyo hakuisikia. "Fushnles" ni neno la supu yao: fooshionless, kitu kisicho na ladha wala nguvu. Kwetu linavutwa, foo, na kwingine ni fushionless, au hata fizzenless. Sijaionja supu hiyo ila namwamini mama. "Okster" ni oxter, kwapa, nchi nzima inalitamka hivyo hivyo. Anasema kwapa linamuuma, amchunguze. "Dwam" si jina la mtu kama alivyodhani. Ni ile hali ya fahamu kutoka kidogo na kurudi; huandikwa pia dwaum na dwalm. Mama alikuwa anamweleza daktari dalili yake mwenyewe, kwa neno lililo bora kuliko lake.

Na "faar", ambalo amelihesabu mara kumi na saba, ni "wapi". Watu wa huku Edinburgh hulianza kwa pumzi, whaur. Sisi wa pwani ya kaskazini tunalianza kwa f. Sijui alikuwa anauliza wapi nini. Hukuandika.

Kuja siwezi. Kuna kazi hapa isiyoweza kuachwa. Kurasa zile zitafanya zaidi ya nitakavyofanya mimi nikisimama hapo na kofia mkononi.

Mdogo wako,
Dod


Portlennie
12 Februari 1957

Mdogo wangu,

Salamu. Kikohozi cha Wullie kimepungua, kelele zake hazijapungua. Kumenyesha manyunyu wiki nzima, yale membamba yanayoingia hadi kwenye mifupa. Nguo zangu zinakauka juu ya jiko na nyumba nzima inanuka sufu.

Kurasa zako nilimpa daktari. Nimpe haki yake, alizisoma zote, na kesho yake alimwita mama "Elspet Costie" na mama akaitika "Ndiyo, baba" kama mtu aliyeamshwa. Akalichunguza kwapa. Alikata zile sauti zisizo na maana karibu zote. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Lakini kuna picha. Wana kadi za picha, ndiyo mtihani wao mkubwa. Wanamwonyesha mgonjwa, ataje. Mama ametaja saa, kiatu, kikombe, treni, farasi. Halafu ikaja ya yule mnyama wa zizini, yule anayetupa bekoni. Sikuandikii jina, Wullie yuko baharini. Siku ya mtihani pia Wullie alikuwa baharini, basi mama akafumba mdomo, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, hata ule mlegevu. Ikaja ya yule wa masikio marefu. Kimya, chuma. Yule samaki mwekundu. Yule wa koti jeusi anayehubiri. Kimya, chuma. Muuguzi akajaribu kumbandua mikono, akala kofi.

Nilimweleza daktari kwamba mwanamke wa pwani hii mwenye mtu wake majini hayataji majina hayo, afe kwanza, na akikutana nayo hushika chuma ili kuzuia balaa. Alitabasamu. Akasema mtu mwenye akili timamu, akiambiwa kwamba uhuru wake unategemea neno moja, atalisema. Nikamwambia humjui mama. Jumapili, Wullie akiwa nyumbani anakoroma, mama ananitajia wote wanne huku anacheka. Daktari haji Jumapili. Ushahidi wangu haufai kwa sababu mimi ni bintiye.

Sasa sikia jambo la heri. Boti ya Wullie inapandishwa nchi kavu tarehe mosi Machi, injini inabadilishwa, haitashuka majini hadi baada ya katikati ya Aprili. Jopo ni tarehe 22 Machi. Siku hiyo nyumba ya Costie haitakuwa na mtu hata mmoja baharini. Mama atawatajia zizi zima. Nimemweleza, amefurahi, ameniambia nimletee shali yake nzuri.

Kwa hiyo sikuhitaji tena kwa hoja, Dod. Nakuhitaji ukae kando yake tu, maana anaogopa wale watu. Ile "faar" uliyoniuliza, anakuuliza wewe. Yuko wapi Dod. Mara kumi na saba kwa siku moja, na daktari alihesabu.

Teenie


Edinburgh
2 Machi 1957

Dada Teenie,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama. Nisamehe kuchelewa. Nilianza barua hii mara nne.

Nimefurahi sana kusikia habari ya boti. Mama hatanihitaji. Namwambatanishia hakimu maelezo ya desturi hiyo: jinsi maneno hayo yanavyokwepwa Shetland, Caithness na Fife, na majina ya kuzungukia yanayotumika kila bandari. Nimetia sahihi kwa cheo changu kamili.

Nakuandikia mkoba wangu ukiwa mlangoni. Ofisi inanituma Shetland. Kesho napanda meli bandari ya Leith, na kule nitakuwa nikivuka kisiwa hadi kisiwa kwa mashua nikiandika maneno ya wazee, hadi mwisho wa Aprili huenda. Barua zako zitanifuata. Sina namna ya kukataa, wazee wenyewe wanakufa.

Msalimie mama. Mwambie namfikiria.

Dod


Lerwick, Shetland
10 Machi 1957

Dada Teenie,

Mistari michache tu, nisije nikakutia wasiwasi. Nimefika. Safari ilikuwa mbaya, tulirushwa usiku kucha na vyombo vyote vya jikoni vilivunjika. Kesho navuka kwenda kisiwa cha Yell kama bahari itakubali, na wenyeji wanatikisa kichwa. Niombeeni tarehe 22 iende vizuri.

Dod


Portlennie
25 Machi 1957

Dod,

Popote ulipo, nasema hujambo. Wullie mzima, mimi mzima. Mama hayupo tena hapa.

Nitakuandikia kwa utaratibu, la sivyo nitachanganyikiwa. Ijumaa nilimvika shali yake, nikamchana nywele. Njiani alikuwa kimya, nikadhani ni woga. Hakimu ni mzee mstaarabu, alisoma barua yako yote kwa sauti, akasema ni ya kuvutia mno. Akaniuliza: mama huyu ana mtu baharini leo? Nikasema hana, boti yetu iko juu ya magogo tangu mwanzo wa mwezi, na mama mwenyewe ameiona dirishani. Wakaandika. Wakaleta picha.

Saa. Kiatu. Farasi. Halafu ile.

Mama alifumba mdomo. Mahali pale palikuwa na kiti cha mbao, hakuna chuma, akaingiza mkono ndani ya blauzi akatoa msumari. Msumari mkubwa wa boti, sijui aliuficha tangu lini. Akaukamata mpaka vidole vikawa vyeupe. Nikapiga magoti mbele yake, mbele za watu. Nikamwambia, mama, wote wako nchi kavu, liseme, liseme twende nyumbani. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa, akasema, "Si wote, binti yangu."

Daktari akamgeukia hakimu. Sikusikia alichosema. Walitia sahihi kabla ya saa sita. Muuguzi akamnyang'anya msumari, eti ni silaha, na mama ambaye hakulia alipoanguka jikoni, alilia kama mtoto mchanga.

Gari la kumpeleka lilikuja baada ya chai. Waliniruhusu nikae naye dakika chache. Nikamuuliza kwa hasira, Mungu anisamehe, nani huyo? Nani yuko baharini? Akasema, "Dod yuko Yell. Ulinisomea mwenyewe."

Ndiyo, nilimsomea. Zote mbili nilimsomea, mpaka na vyombo vilivyovunjika. Nilidhani nampa furaha.

Yuko Strathorran tangu Ijumaa ile jioni, maili arobaini kutoka hata tone la maji ya chumvi. Barua za wagonjwa haziingii bila kusomwa na ofisi. Naomba kitu kimoja tu. Siku utakayoshuka nchi kavu, saa hiyo hiyo, piga simu ya maandishi: NIMESHUKA. Nitampelekea kwa mkono. Huenda wakamjaribu tena kabla boti ya Wullie haijarudi majini. Baada ya hapo sijui.

Maji yamenifika shingoni.

Teenie


Edinburgh
8 Aprili 1957

Dada,

Sina salamu inayofaa. Nimekaa na barua yako siku kumi na moja.

Sikupanda meli. Ofisi haikunituma popote. Barua ya Lerwick niliiandika hapa hapa, mezani, supu ya kabichi ikipoa. Nilisoma hali ya hewa gazetini ili niseme vizuri. Nilitaka safari ambayo hakuna mtu angeweza kuniambia niikatize, na nilitaka iwe mbaya kidogo ili unihurumie usinitukane. Tarehe 22 Machi nilikuwa kitandani nimejifunika shuka hadi kichwani, nikiwa mzima.

Utauliza kwa nini. Nitakuambia, na kwa kuwa boti ya Wullie bado iko juu ya magogo, nitaliandika neno. Asubuhi ile ya 1935, baba na kaka Jeems walipokuwa wanaondoka na boti yetu, Ebenezer, nilikuwa gatini na kitabu changu cha tuzo. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nimeijua dunia yote. Jeems alinitania kwamba kitabu hakivui samaki. Nikamjibu kwamba woga haujui kusoma, na ili kumwonyesha nikapaza sauti: nguruwe. Mara tatu, nikicheka. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea nchi kavu, nadhani wao hawakusikia. Mama alisikia, alikuwa nyuma yangu na kapu. Aliinama akashika ile pete ya chuma ya kufungia boti. Hakuniambia kitu.

Hakuniambia kitu siku ile, wala walipokosekana, wala kwenye ibada isiyo na maiti. Mwezi wa pili baada ya hapo alinifungia nguo mwenyewe akanipeleka kwenye treni ya kwenda shule Aberdeen. Nilielewa kwamba ananiondoa. Mdomo uliponza kichwa, tena si kichwa changu. Tangu hapo nimekusanya maneno ya kila mtu isipokuwa yale yetu. Kadi nne za maneno hayo ziko kwenye droo yangu, nyeupe, hazijaandikwa kitu.

Barua yako ilipofika nilisoma "Si wote" na sikuelewa. Nilirudia. Teenie, kwa nini mama ashike msumari kwa ajili yangu? Ningejua kwamba bado ananihesabu kati ya watu wake walio majini, nisingethubutu kutaja hata dimbwi. Sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua.

Niambie nifanye nini.

Dod


Portlennie
14 Aprili 1957

Dod,

Mhuri wa posta kwenye barua yako ya Lerwick ulikuwa wa Edinburgh. Niliuona siku ile ile. Nikajiambia labda amempa rafiki aiposti. Ndivyo nilivyokuwa nakutetea mbele ya nafsi yangu, mimi mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja.

Kuhusu asubuhi ile. Zilizama boti tatu, si moja. Zile nyingine mbili nani alizitajia? Mtoto wa nani alisimama gatini na kitabu? Ilikuwa dhoruba, Dod. Ulikuwa mpumbavu na palikuwa na dhoruba, na hayo ni mambo mawili. Mama hajawahi kuniambia neno moja juu yako na gati. Nimeishi naye miaka yote hii, nikilala chumba cha pili, nikisikia anavyosali. Jina lako ndilo la kwanza, kabla ya marehemu.

Na kuhusu Aberdeen, alikupeleka shule ili usiende baharini. Aliuza saa ya baba kwa ada yako. Msomi mzima, hilo hukulijua?

Usiniulize ufanye nini, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilienda Strathorran Alhamisi. Amekonda. Vitanda vyao ni vya mbao, na kila chenye chuma wamemwondolea, hadi pini za nywele. Anakaa ameshika bawaba ya dirisha, ndiyo chuma pekee anachokifikia, na wanamwandikia kwamba anataka kutoroka. Kaniuliza bahari ya Yell ikoje. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikashindwa. Nikimwambia umeshuka, ataniuliza nimeonaje, na mimi sijui kudanganya kwa ufundi kama wengine.

Boti ya Wullie inashuka majini Jumanne ya tarehe 23. Injini imekamilika kama walivyosema, na siwezi kumwambia asivue, tumekula akiba yote.

Sitamwambia chochote. Nenda umwambie wewe, kwa mdomo ule ule.

Teenie


Strathorran
Jumanne, 7 Mei 1957

Dada yangu Teenie,

Naandika kutoka chumba cha kupanga mkabala na lango lao. Ninawasalimu wewe na shemeji, na mama anawasalimu. Anasema Wullie avae fulana ya sufu hata jua likitoka.

Nilichelewa. Nilifika stesheni ya Edinburgh mara mbili mwezi uliopita nikarudi. Nakuambia ili usisikie kwa mwingine. Jumapili iliyopita nilipanda.

Walinionyesha mwanamke dirishani, na nilitaka kuwaambia wamekosea, siye. Ni mdogo sana, Teenie. Sikumbuki kama alikuwa mdogo hivyo. Aligeuka. Hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu, na pindo la suruali, kama anavyowatazama wanaume wote wanaoingia mlangoni. Akaniuliza, "Umeshuka lini?"

Nilikuwa nimepanga kusema "jana". Treni nzima nilikuwa nalifanyia mazoezi. Nikasema, "Sikupanda, mama. Nilidanganya. Nilikuwa Edinburgh wakati wote."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

"Hata ile siku ya vyombo?"

"Hakukuwa na vyombo."

Nilikuwa nimesimama mbele yake nikisubiri kofi, na ningelipokea kama zawadi. Aliachia bawaba. Alikaa kitandani taratibu, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mlegevu, akasema, "Basi ulikuwa nchi kavu. Ashukuriwe Mungu, mtoto alikuwa nchi kavu." Alirudia mpaka muuguzi akaja kuangalia. Nilipiga magoti nikaweka kichwa mapajani pake, na nikalia kwa sauti ambayo hakuna kamusi iliyoiandika.

Halafu akauliza leo ni siku gani. Nikasema Jumapili. Akauliza, "Wullie yuko nyumbani?" Nikasema kwa vyovyote, anakoroma. Akamwambia muuguzi alete picha zake. Muuguzi alileta, nadhani kwa kunionea huruma. Mama alizitaja zote nne moja baada ya nyingine, kwa sauti, na yule wa zizini akamwigizia hadi mlio. Muuguzi alicheka. Mimi nilikimbia korido nzima kumtafuta daktari. Hakuna daktari Jumapili.

Jana Jumatatu asubuhi alikuja. Nilikuwa mlangoni tangu saa moja. Nilimweleza kila kitu, uongo wangu wote, na alinisikiliza vizuri. Akachukua kadi akaingia. Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akatazama dirishani kuona upepo unatoka wapi. Boti ya Wullie ilitoka alfajiri. Alifumba mdomo.

Nilimsihi. Najua nilichokuwa naomba, na nilimsihi. Nilimwambia Wullie mwenyewe asingejali. Aliniwekea kidole midomoni kama zamani.

Daktari ameandika kwamba kuna siku anajua na siku hajui, na kwamba hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe. Jopo litakaa tena tarehe 12 Septemba. Ni Alhamisi. Zile wiki saba boti ilipokuwa juu ya magogo ndizo pekee tulizokuwa nazo, na nilizila mimi. Mwambie shemeji, namwomba nikiwa miguuni pake, asitoke juma lile la Septemba. Nimeiandikia ofisi kwamba sirudi. Nitapata kazi ya kufundisha hapa au ya kufagia, na nitakuja kwake kila siku wanayoruhusu. Ameniomba nimletee msumari. Nimeuficha katikati ya kitabu cha sala, wa boti, mrefu kama kiganja.

Nataka ujue alichoniambia jana nilipokuwa naondoka, maana wewe ndiye unayestahili kusikia. Nilimwomba msamaha kwa Strathorran. Akaniambia nisilie. "Hapa wamenifungia tu, mwanangu," akasema. "Machi na Aprili nilikuwa nazama na wewe kila usiku. Hapa ni afadhali."

Siliandiki jina la yule mnyama humu. Leo ni Jumanne, na Wullie yuko baharini.

Mdogo wako,
Dod